Wino Nilioumeza

Sifa zote njema ni za Mola aliyeumba jicho, akaumba na nuru ya kulitosha jicho hilo, kisha akaweka nuru nyingine nyingi nje ya uwezo wa jicho hilo, kwa hekima anayoijua Yeye. Namshukuru kwa kila pumzi ninayovuta, maana nilipokuwa mdogo pumzi zangu zilikaribia kukatika, naye akanirudishia.

Juzi mjukuu wangu alikuwa jikoni akikatakata vitunguu na nyanya, akamimina siki. Harufu iliponifikia barazani niliinuka ghafla, nikaanza kutembea huku na huko bila kujua naenda wapi. Mjukuu, ambaye huniita ayeyo, yaani bibi, akaniuliza, "Ayeyo, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza kitu. Kwake siki ni kachumbari tu. Kwangu ni harufu ya chumba kimoja cha giza pale Garissa, chenye taa nyekundu, ambamo nilidhani nitamuua kaka yangu.

Wenzangu wa rika langu wanavikumbuka vita vya shifta. Kwa wasiokuwepo, niseme kwa ufupi. Serikali, ikiwasaka waasi walioitwa shifta, iliamuru watu na mifugo yao wakusanywe karibu na mji, ndani ya ua wa miiba na seng'enge. Kutoka kulihitaji karatasi. Aliyekutwa porini na mifugo bila karatasi alihesabiwa adui, na wengi hawakuulizwa swali la pili. Sisi tulikuwa watu wa ngamia, na ngamia si kiumbe wa kukaa ndani ya ua. Baada ya miezi michache hapakuwa na jani lililobaki. Ngamia walikuwa wakitafuna kamba walizofungwa.

Baba alikuwa amefariki kabla ya vita. Tulikuwa watatu: mama yangu Halima, kaka yangu Hussein aliyekuwa kijana wa kuota ndevu, na mimi Habiba. Mama aliuza maziwa kwenye nyumba za watumishi wa serikali waliotoka bara, na mimi nilimfuata nikibeba kibuyu kidogo. Ndiyo sababu sote wawili tulijua Kiswahili, ingawa mama hadi anafariki alisema "bilibili" akitaka pilipili. Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Hata dugsi, chuoni kwetu cha Kurani, mbele ya Maalim, nilisoma nikiyumba mbele na nyuma kuliko wenzangu wote. Hussein alizoea kunichokoza: "Habiba akikaa kimya kidogo tu, mvua itanyesha."

Ngamia wa tatu alipokufa, Hussein alimwambia mama kwamba atawatoa waliobaki, wawili wawili, awapeleke kwenye kisima anachokijua yeye. Mama alikataa jioni hiyo. Akakataa na asubuhi. Siku ya tatu hakukataa tena. Alimwita Maalim nyumbani.

Kwetu, dua ya ulinzi haikusomwa tu, ilinywewa. Maalim alichukua ubao wake wa mti, akachovya kalamu ya kijiti kwenye wino wa makaa na gundi ya mgunga, akaandika. Mimi nilikuwa nimeshajua kusoma. Niliona aya, na chini ya aya nikaona jina la Hussein, na jina la mama, na jina la kile kisima, maana mama alisisitiza kiandikwe ili ulinzi umfikie huko huko. Kisha Maalim akauosha ubao kwa maji juu ya bakuli. Maji yakawa meusi. Hussein akapiga magoti akanywa. Chini ya bakuli yakabaki mafunda mawili.

"Hayamwagwi chini," alisema Maalim. "Ni maneno matukufu."

"Anywe Habiba," akasema Hussein. "Labda yatamtuliza."

Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya makaa na utomvu. Mama akanishika kidevu, akanitazama kwa karibu mno. "Uliyoyaona na uliyoyanywa yakae humo humo ndani. Yakitoka, kaka yako harudi."

Hussein aliondoka. Majirani tuliwaambia ameenda kutafuta kazi kwa mjomba.

Haukupita muda mrefu nikaanza kukohoa. Mtu mzima angesema ni vumbi, au ni ule mbanano wa watu. Mimi nilijua ni wino. Nilikuwa nimepewa kitu cha kuhifadhi na kilikuwa kinataka kutoka, kikipanda usiku na mchana kutafuta mdomo wangu. Kwa hiyo nilipigana nacho. Nilijaza mtandio mdomoni. Nilikunywa maji mpaka tumbo likauma. Niliona nikikaa kinapanda, basi sikukaa. Nilitembea kandokando ya ua, nikaurudia, nikaurudia tena, mpaka watoto wenzangu wakaniita mbwa mwitu wa ndani. Jioni moja nilishindwa, nikakohoa, nikatema mchangani. Katika mwanga ule hafifu nikaona kitu cheusi, kizito. Nikakifukia haraka kwa mguu. Wino ulikuwa umeanza kutoka.

Mama aliuona mtandio wangu siku nilipousahau kwenye kamba.

"Hii ni nini?"

"Ni wino, hooyo."

Hakunipiga wala hakucheka. Alikaa chini na ule mtandio mapajani, akaukunja, akaukunjua. Siku ya pili yake alinikataza kwenda dugsi. Siku ya tatu akanivalisha kanzu safi, akasema tunaenda hospitalini kupigwa picha ya kifua.

Hospitalini kulikuwa na benchi refu, na mwisho wa benchi, karibu na mlango wa chumba cha picha, alikaa askari mwenye bunduki magotini. Mbele yetu kulikuwa na mwanamke mnene aliyependa kuzungumza. "Msiogope," alituambia bila kuulizwa, "mashine ile haiumi. Ila haifichwi kitu! Mume wangu alimeza sindano alipokuwa mtoto, akasahau. Juzi wamempiga picha, wakamwonyesha. Sindano hiyo hapo! Chochote ulichomeza, kinaonekana."

Chochote ulichomeza. Niliinuka. Nikakaa. Nikainuka tena. Niliiona picha yangu ikiwa imeshikwa na yule askari: mbavu zangu pande mbili, na katikati, kwa mwandiko mzuri wa Maalim, Hussein, mwana wa Halima, na jina la kisima.

"Wewe msichana," askari akasema, "una siafu ndani ya nguo?"

"Ana homa," mama akamjibu, akanivuta karibu.

Fundi wa picha aliitwa Bwana Mutiso. Alikuwa mtu wa Ukambani, mrefu, Mkristo mwenye msalaba mdogo wa mti shingoni, na alivaa aproni nzito kama mtu anayechinja. Alinisimamisha mbele ya bamba la baridi. "Kidevu hapa juu. Mabega mbele. Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike."

Nikatikisika. Nilifanya makusudi, nikainama kidogo mashine ilipolia. Akaenda chumba cha ndani, akakaa, akarudi.

"Hapa nina mbavu zinazocheza ngoma," alisema. "Turudie."

Nikatikisika tena. Safari hii alirudi bila mzaha. Filamu zilikuwa zinaletwa kwa lori, na malori yalikuwa yakisubiri msafara wa jeshi. Alichuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa sawa na wangu. "Unaogopa nini?"

Nikaubana mdomo kwa mtandio. Akamtazama mama. Mama akatazama sakafu.

"Basi tupatane," alisema. "Ukitulia mara hii, wewe na mama yako mtaingia chumba changu cha ndani. Picha itazaliwa mbele ya macho yako. Utaiona kabla ya daktari, kabla ya askari, kabla ya mtu yeyote."

Nikawaza upesi. Ubao ukioshwa, maneno huondoka. Nikiwahi kuiona mimi, nami nitaiosha. Nikavuta pumzi, nikasimama kama kigingi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu.

Chumba cha ndani kilikuwa kidogo, na harufu ya siki, iliyotoka kwenye dawa za kusafishia picha, ilinijaa puani. Matangi ya dawa yalikuwa yamefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, ili joto la Garissa lisiichemshe dawa. Alipofunga mlango giza likawa zito, kisha akawasha taa moja nyekundu. Mikono yetu, kuta, macho ya mama, vyote vikawa vyekundu. Mama akamtaja Mungu na kujikinga na shetani, kwa sauti.

"Mama, hii ni taa tu," akasema Bwana Mutiso.

"Kwa nini nyekundu?" nikauliza. Hata kwenye hofu yangu sikuweza kunyamaza.

"Kwa sababu filamu ni kipofu kwa nyekundu. Nikiwasha taa nyeupe inaona, inaharibika. Nyekundu haina nguvu ya kuiamsha." Alikuwa anaitumbukiza filamu kwenye tangi la kwanza, akaanza kuitikisa polepole. "Na wewe pia ni kipofu, unajua? Ile miale niliyokupitishia kifuani, uliiona?"

"Sikuiona."

"Lakini ni nduguye mwanga huu. Sikiliza. Mwanga unatembea kwa hatua. Ipo miale ya hatua ndefu sana, ndiyo inayobeba sauti za redio. Ipo ya hatua fupi kidogo. Huioni, ila ukikaa karibu na moto unaisikia kwenye ngozi. Halafu hatua zinazidi kuwa fupi: nyekundu, njano, kijani, buluu, mpaka zambarau. Hiyo ndiyo tunayoiona. Ukipita zambarau jicho linaishia, lakini miale haiishii. Kuna ile ya jua inayochoma ngozi. Na mbele zaidi, ya hatua ndogo ndogo kabisa, ndiyo hii yangu. Inapenya nyama, inazuiwa na mfupa."

"Ya hatua ndefu ndiyo inayofika mwanzo?"

"Hapana. Zote zina mwendo mmoja."

Hilo lilinikaa mara moja. "Kama ngamia na mbuzi wakienda kisimani pamoja," nikasema. "Ngamia anapiga moja, mbuzi anapiga nyingi, lakini wanafika pamoja."

Aliacha kuitikisa filamu. "Nani amekufundisha?"

"Nimewaona."

"Haya ndiyo niliyosomea mimi miaka miwili," alisema, akacheka gizani.

Zamani hizo sikujua nimepewa nini. Miaka mingi baadaye mjukuu wangu aliacha kitabu chake cha shule wazi mezani, na humo nikaukuta msafara ule ule umechorwa, kuanzia miale ya redio hadi ile ya hatua fupi kuliko hata ya Bwana Mutiso. Tunayoiona sisi ilikuwa kipande chembamba katikati, kama mstari wa rangi kwenye ukingo wa mkeka. Nikawaambia wanafunzi wa kike ninaowasomesha dini msikitini: mtu anayesema haamini asichokiona, na aangalie kwanza ni kiasi gani amepewa kukiona. Lakini siku ile pale chumbani sikuwa na nafasi ya mazingatio. Nilikuwa nasubiri jina la kaka yangu litokeze.

Filamu ikaanza kubadilika. Mwanzo ilikuwa kijivu tupu. Kisha mistari ikaja, myeupe, imepinda, upande huu na upande huu. Mkono wa mama ulikuwa kichwani kwangu.

"Mbavu zako," alisema Bwana Mutiso. "Moyo huu hapa. Hapa peusi ni hewa."

Nikatafuta herufi. Niliangalia kati ya ubavu na ubavu, kama mtu anayetafuta aya aliyoisahau. Sikuona alifu wala hee. Kisha juu, upande wa kulia, chini ya mfupa wa bega, nikaona weupe uliotanda kama wingu, kama wino ulioshika maji. Hakukuwa na shaka. Maneno yalikuwa yamelowana, yamechanganyika, lakini yalikuwepo, na mtu mwenye ujuzi angeyasoma.

"Futa hapa," nikasema.

"Nini?"

"Hapa! Osha hapa! Huyu ni Hussein. Ni kaka yangu na ngamia na kisima, nimemmeza, wakimsoma watamuua, futa!"

Mkono wa mama kichwani ukawa jiwe. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bomba. Nilisikia, nje ya mlango, askari akikohoa na kusogeza bunduki yake. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba mashine haikusema kitu, na kwamba aliyesema ni mimi.

Bwana Mutiso aliitoa filamu kwenye tangi, ikidondosha matone, akaitia kwenye tangi la pili. Alichukua muda wake. "Hussein hayumo humu," alisema mwishowe, taratibu, kama anamsomea mtu barua. "Huu ni ugonjwa wa kifua. Ugonjwa una dawa. Utapigwa sindano nyingi, utanichukia, halafu utapona."

Hakuapa kwamba atanyamaza. Hakutuuliza Hussein ni nani. Alifungua mlango, mwanga mweupe ukatupiga macho, na askari akasema kwa utani, "Fundi, umeona nini ndani ya huyu? Bunduki?"

"Mbavu, afande. Kama zako, ila zako zina mafuta."

Askari akacheka. Sisi hatukucheka.

Nilichomwa sindano kila siku, kwa miezi, mpaka sikuweza kukaa hata kama ningetaka. Kila siku nilipita mlango wa Bwana Mutiso, na kila siku alinisalimu vile vile: "Habari ya mbuzi?" Nilijibu salama, nikaharakisha. Sikuweza kumsoma. Lori la jeshi likiingia mjini kutoka porini nilikimbia barabarani kuangalia miguu iliyokuwa ikitokeza chini ya turubai. Nilijua viatu vya Hussein, vya tairi, kimoja kikiwa na kamba ya bluu. Nikiona si vyenyewe nilirudi nyumbani, kisha nikatoka tena kuhakikisha. Usingizini nilikuwa natembea. Mama naye hakunena lolote kuhusu siku ile. Hakunikaripia, hakuniuliza, hakuitaja. Nilijua ananiwekea akiba. Nilijua siku habari itakapofika, atanitazama, na kutazama kwake kutatosha.

Kifua kilisafika. Picha ya pili ilionyesha wingu limepungua, na ya tatu halikuwepo. Bwana Mutiso alihamishwa, sikumbuki kama tuliagana. Vita navyo vikachoka. Seng'enge ikafunguliwa, watu wakaanza kwenda na kurudi bila karatasi. Na asubuhi moja, Alhamdulillahi, alikuja mtu mrefu, mweusi kwa jua, mwenye ndevu ambazo sikuzijua, akiwaswaga ngamia wanne. Mama alikuwa anakamua mbuzi. Hakuinuka. Alimaliza kukamua, akampelekea maziwa yale yale yenye povu, akamwambia, "Kunywa kwanza." Hussein akanywa, akanitazama juu ya ukingo wa chombo. "Habiba bado hajatulia? Basi ile dua ilikuwa dhaifu."

Jioni ile nikashindwa kuvumilia. Mama alikuwa anakunja mikeka. Nikasema, "Hooyo, mbona hukunipiga?"

"Lini?"

"Siku niliyomtaja Hussein kwa yule fundi."

Aliendelea kukunja. "Ningekupiga vipi, na mimi nilikuwa nimeshamtaja?"

Nikasimama pale pale.

"Ile siku ya pili niliyokukataza dugsi," alisema mama, "nilienda kwake peke yangu. Nikamwuliza, hiyo bicha yako, mtu akimeza wino, wino unaonekana? Akaniuliza, wino gani, mama? Nikatafuta uongo, sikuupata. Nikamwambia yote. Jina, ngamia, kisima."

"Akasema nini?"

"Akasema mashine yake haijui kusoma. Akasema mlete mtoto."

"Ukamwamini?"

Mama aliuweka mkeka chini, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu baba afariki niliona machoni pake kitu nilichokidhania ni changu peke yangu. "Sikumwamini. Mtu wa serikali, simjui baba yake, simjui ukoo wake, na askari amekaa mlangoni. Usiku kucha sikulala. Nilikusikia ukikohoa, nikamwaza Hussein kule porini. Nikasema, ya Rabbi, mmoja nimekuachia Wewe. Huyu umeniachia mimi. Kulipokucha nikakuosha, nikakuvalisha, nikakupeleka. Na mle ndani kwenye taa nyekundu, nilikuwa nayatazama maji yale kama wewe. Nilikuwa nasubiri jina lake litoke."

Akauchukua mkeka wake, akaendelea kuukunja.

Ewe uliyenifuata mpaka hapa, Mola akupe kifua chenye afya na watu unaoweza kuwaamini hata kabla hujawajua. Awalinde wanao, aliye karibu nawe na aliye mbali, na asikufikishe katika siku ya kuchagua kati yao. Na akikufikisha, basi akupe moyo wa mama yangu. Amin.